Alama Tano za Penseli

Kidude chenyewe ni cha manjano, chaenea kiganjani.
Nilikinunua Makadara kwa elfu tatu na mia mbili,
na karatasi ya maelezo kwa lugha saba,
yetu haimo.
Nilijifunza kwa kukosea.

Sharti lake la kwanza: kianzishe palipo patupu.
Kibonye, kitulize ukutani, hesabu hadi tatu,
kijifunze utupu ulivyo.
Ukikianzisha juu ya nguzo
kitadhani nguzo ndiyo utupu,
na kutwa nzima kitakupitisha juu ya vitu
bila ya kulia.

Kizingo, kwenye maghorofa mapya, hakinipi taabu.
Kuta za huko ni jasi na mabati membamba:
nusu hatua, mlio,
nusu hatua, taa nyekundu.
Natia alama, natoboa, nalipwa,
nashuka kwa lifti na chupa ya maji baridi.

Lakini Kibokoni!
Nyumba ya Bi Mwanajabu, ukuta unene wa mkono mzima,
matumbawe na chokaa, na chumvi yatoka ndani
kama jasho la mwenye homa.
Mwanawe kamletea runinga kutoka Doha,
inchi hamsini na tano, bado imevaa nailoni,
imeegemea kitanda
kama mgeni asiyeambiwa akae.
"Itundike hapo," akasema, "niione nikilala."

Nikakianzisha pembeni, karibu na kabati.
Nikakisogeza polepole. Kimya. Mawe hayana la kusema.
Nikafika katikati, usawa wa kifua,
kikalia.
Shubiri moja mbele, kikalia tena.
Tena.
Mara tano, sawasawa, kama aliyepima kwa rula.

"Bibi, hapa mna nyaya."
"Nyaya? Umeme wangu wapita juu, kwenye boriti, huuoni?
Na hicho chalia nini?"
"Chasema chuma."
Nikavuta mistari mitano ya penseli, wima,
kutoka kifuani hadi juu ya kichwa changu.

Aliacha kuchambua mchicha.
"Hizo ni nondo za dirisha," akasema.
"Upande wa pili ni kwa Zuhura, ndugu yangu tumbo moja.
Hapo tukipitishiana chumvi, kiberiti, na mtoto
akishindikana kulala kwangu, akalale kwake.
Tulipogawa shamba la baba, Mtongwe,
mume wangu aliita fundi.
Siku moja tu. Asubuhi dirisha, magharibi ukuta.
Alikuwa fundi kweli, lipu yake hata wewe hukuijua."

Akatazama kitanda.
"Miaka thelathini na mmoja nalala hapa,
kichwa kimeelekea papo hapo,
wala sikuwa naona kitu."

Nilikitazama kidude mkononi,
nikataka kumwambia lile sharti la kwanza.
Sikumwambia.

Kazi ina mazoea yake: nikagonga kwa vifundo vya vidole,
kati ya mstari wa pili na wa tatu,
nisikie kama mawe yameshikana.
Ngo, ngo. Ngo.
Yamejaa, ila si sana; juu pana uwazi kidogo,
sauti inaingia, inachelewa kutoka.

Na huko ng'ambo, redio iliyokuwa ikisoma matangazo ya vifo,
redio ambayo tangu niingie sikujua kuwa naisikia,
ilipunguzwa sauti.

Bi Mwanajabu hakunitazama, wala mchicha hakuushika.
Tulisimama hivyo, yeye, mimi na runinga,
hata nikaona haya kupumua.

Nikaitundika ukuta wa mlangoni.
Skurubu nne, tundu nne, vumbi jeupe sakafuni.
"Ukilala utageuza mto," nikamwambia.
Nikachovya kitambaa majini, nifute ile mistari.

"Iwache," akasema.
Akafungua kibindo, akahesabu noti mara mbili.
"Na hiyo nayo nihisabie.
Si umeifanyia kazi?"